Windows, Mac au Linux? Ulinganisho kutoka meza ya fundi, Kigoma

Jumamosi moja asubuhi mwalimu mmoja wa huku Mwanga aliniwekea flashi mezani. "Fundi, mitihani ya darasa la sita yote imegeuka shotikati." Kabla sijaigusa, mpiga picha za harusi aliyekuwa akisubiri chaja ya MacBook yake akadakia: "Pole mwalimu. Hayo magonjwa ya Windows, sisi huku hatuyajui." Kijana wa chuo, mwenye laptopu ya Linux na stika ya pengwini, nembo ya Linux, mgongoni, akamgeukia: "Shemeji, nyamaza. Mashine yako ikitaka kuongezwa RAM lazima uuze shamba la michikichi." Mwalimu naye, pamoja na msiba wake, hakukubali kutoka mikono mitupu: "Na wewe wa pengwini, lini uliprinti ukurasa mmoja bila kuandika amri kumi?"

Utani huu hapa kwangu ni wa kila siku na sijawahi kuukataza. Mtani tunamjua: anafika msibani, anazuia jeneza lisipite mpaka alipwe, halafu huyo huyo ndiye anashika jembe. Anakukejeli kwa sababu anakujua ulivyo. Kejeli zote tatu za asubuhi ile zilikuwa na ukweli ndani yake, na kila moja ilikuwa na kitu imekiruka. Shida ni kwamba mteja anayeniuliza "fundi, ninunue ipi?" mara nyingi ameshasikia kejeli tu.

Tunapima nini

Maswali yangu ni matano na nitayauliza kwa mifumo yote mitatu ya kuendeshea kompyuta: Windows, Mac na Linux. Virusi vinaingilia wapi? Masasisho yanakuja mpaka lini, na yanakula bando kiasi gani? Programu za kazi yako na printa yako vitakubali? Pesa ya kuanzia ni kiasi gani, na mashine uliyonayo inafaa? La mwisho ni lile ambalo watu wa Dar hawana haja ya kuliuliza: ikigoma, nani atakushika mkono hapa mwisho wa reli? Nitakaa na la kwanza kuliko mengine, maana ndilo linaloniletea watu.

Virusi

Tuanze na Windows, kwa kuwa ndiyo inayosemwa zaidi. Flashi ya mwalimu niliichomeka kwenye kompyuta kuukuu iliyoko nyuma ya kaunta, ambayo ina Linux na haina kazi nyingine ila hii. Kwenye kioo ikaonekana folda ya "Sayansi VI" na pembeni yake shotikati yenye jina hilo hilo, ukubwa KB 2. Kisha "Hisabati VI", na pembeni yake pacha wake. Kirusi cha aina hii hakifuti kitu. Kinazipa folda zako alama ya kujificha, kinaweka shotikati mahali pake, na ukiibofya inaamsha kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda yako halisi ili usishtuke. Alama ile ya kujificha ni ya Windows. Linux haijali, kwa hiyo inaonyesha kila kilichomo, na shotikati zenyewe huko hazina pa kufanyia kazi.

Mafaili yalipona kwa dakika tano. Laptopu yake ndiyo ilinila mchana mzima, maana Defender, ulinzi unaokuja bure ndani ya Windows, ulikuwa umezimwa. Aliuzima aliyempigia Office ya kraki, yaani iliyovunjwa leseni: kraki ilikataa kupita mlinzi akiwa macho, akamlaza mlinzi, akaondoka bila kumwamsha. Huo ndio mlango mkubwa kuliko yote ninaouona hapa. Hata wale virusi wanaofunga mafaili na kudai fidia, familia inayoitwa STOP au Djvu imesambaa hasa kupitia kraki za programu. Mtu anaikwepa bei ya leseni, kisha anapoteza picha za miaka sita.

Mlango wa pili ni kuahirisha masasisho. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza baadhi ya hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imetoa kinga ya tundu lile Machi mwaka huo huo. Walioathirika wengi hawakuwa wameiweka.

Sasa Mac. Yule shemeji mpiga picha za harusi hujisifu kwamba Mac haiumwi, na hakujitungia: kati ya 2006 na 2009 Apple ilirusha matangazo yenye vijana wawili, mmoja akijifanya kompyuta ya Windows, anapiga chafya kwa virusi huku mwenzake wa Mac akimpa kitambaa. Nilimwambia hivi: kirusi kimojawapo cha mwanzo kabisa kusambaa mitaani, Elk Cloner cha 1982, kilikuwa cha Apple II, kompyuta ya Apple iliyotangulia Mac. Kilitungwa na mwanafunzi wa miaka 15 na kilitembea kwa diski laini, mkono kwa mkono, vile vile flashi zetu zinavyotembea leo. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kikaingia kwenye Mac zipatazo 600,000 kupitia tundu la Java, na mwaka huo Apple ikaondoa kwenye tovuti yake ile sentensi ya kwamba Mac haipati virusi vya PC. Novemba 2017 lilikuja la aibu zaidi: kwenye High Sierra, toleo la macOS (mfumo wa Mac), uliweza kuandika jina "root", ukaacha nafasi ya nywila wazi, ukabofya mara kadhaa na ukaingia kama mwenye nyumba. Walilifunga kwa siku moja, lakini watani hawajasahau.

Kwa haki yake, Mac ya leo imefungwa vizuri. Kuna Gatekeeper inayozuia programu zisizotambulika, kuna XProtect inayokagua kimya kimya, na sehemu yenye mfumo wenyewe imefungwa kwa muhuri, haiandikiki ovyo. Tangu toleo la 2024 hata ile njia ya mkato ya kubofya kulia ili kupitisha programu isiyojulikana imeondolewa. Lazima uende kwenye mipangilio kwa makusudi. Mwenye kujiangamiza bado anaweza. Kidokozi cha nywila kiitwacho Atomic Stealer, kilichoonekana 2023, kinawanasa watu wa Mac kwa chambo kile kile: programu ya gharama "ya bure". Wapiga picha na wahariri wa video, hapo mnanielewa.

Linux ina bahati na ina desturi nzuri. Bahati ni kwamba watumiaji wa mezani ni wachache, na mwizi haendi kwenye kijiji chenye kuku watatu. Desturi ni kwamba programu hazidakwi mtandaoni kila mahali. Zinatoka kwenye ghala moja linalokaguliwa, na kubadilisha jambo kubwa kunataka nywila. Kijana wangu akisema "Linux haina virusi", namwonyesha kisanduku cha CCTV ukutani. Vifaa vya namna ile, pamoja na ruta nyingi, ndani yake ni Linux, na 2016 kirusi cha Mirai kilivikusanya kwa malaki duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, zile za "admin" na "admin". Na wewe uliyekaa kijiweni na kahawa ukisema Linux huijui, simu yako ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Kisha kuna kisa cha Machi 2024, ninachokipenda kuliko vyote. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejipenyeza kwa muda mrefu kwenye mradi mdogo uitwao xz, unaotumiwa na Linux kubana mafaili, akapandikiza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Nusura usambae kwenye seva za dunia nzima. Aliyegundua ni Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kumechelewa kwa kama nusu sekunde. Alikuwa mwajiriwa wa Microsoft. Kampuni ile ile ambayo mkuu wake wa 2001, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Ndiyo maana nikataja mtani na jembe.

Masasisho na bando

Hapa Windows ina tarehe ya kukumbuka: 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida. Kuna mpango wa nyongeza ya mwaka mmoja kwa waliojiandikisha, unaoishia Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi za mtumba zinazoshuka Kigoma ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Zipo njia za kulazimisha iingie, na mafundi wanazifanya, lakini Microsoft haikuahidi kuihudumia mashine ya namna hiyo. Kuhusu bando, weka alama ya "metered" (intaneti ya kupimwa) kwenye hotspot ya simu, la sivyo utalala na GB 5 uamke huna kitu. Kama ofisini mna kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja, washa sehemu inayoziruhusu kugawana masasisho. Moja inashusha, nyingine zinachukua kwake.

Apple haitangazi tarehe ya mwisho mapema. Kwa mazoea yake toleo jipya na mawili yaliyotangulia ndiyo yanayopata viraka vya usalama. Toleo zima jipya linaweza kula GB zaidi ya 10, kwa hiyo panga siku. Anayetaka Mac ya mtumba ajue hili: Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kuzikubali Mac za Intel. Zenye chipu za M, zilizoanza Novemba 2020, zina safari ndefu mbele.

Linux ndiyo yenye adabu zaidi. Linux inatolewa kwa sura nyingi; Ubuntu na Mint ni mbili kati ya hizo. Ubuntu 24.04 inahudumiwa mpaka 2029, na Linux Mint 22 vivyo hivyo. Mint inakuuliza kabla ya kushusha, na kitufe kimoja kinasasisha mfumo pamoja na programu nyingine karibu zote, kuanzia kivinjari mpaka kicheza video.

Programu za kazi na printa

Windows inashinda kwa wingi, sitabishana. Programu za uhasibu, za duka la dawa, za kuchora ramani, Office kamili, draiva ya kila printa iliyowahi kuuzwa Lumumba: vyote vipo.

Mac ina Office yake halali na iko nyumbani kwenye video na picha. Programu ndogo ndogo za biashara zilizotengenezwa hapa nchini ndizo utakazozikosa.

Linux inakuja na LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, inayofungua nyaraka za Word vizuri mpaka pale mtu atakapokuletea barua yenye majedwali ndani ya majedwali. Photoshop ya picha na Premiere ya video hazipo. Kwa upande mwingine, kazi nyingi tunazofanyiwa foleni siku hizi ni za kivinjari: maombi ya mkopo wa HESLB, Ajira Portal, matokeo ya NECTA. Hizo hazijali uko kwenye mfumo gani. Kuhusu printa, mwalimu alimwonea kijana. Mfumo wa kuprinti wa Linux na wa Mac ni ndugu, wote wanatumia CUPS, na printa nyingi zinakubali zikichomekwa tu. Lakini zipo leza za bei nafuu ambazo draiva yake haikuandikwa kwa Linux kabisa, na hapo hata amri kumi hazitoshi. Kijana wa pengwini ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo aliiprinti kwenye Windows ya kaunta yangu. Nilimtoza kama wengine.

Pesa na mashine uliyonayo

Kwa bei ya MacBook moja nzuri unapata laptopu mbili tatu za mtumba zenye Windows. Mac inakulipa kwa kukaa na chaji, jambo kubwa kwetu tulioishi miaka kwa umeme wa majenereta ya dizeli, lakini RAM na, kwa nyingi za sasa, hata diski vimeunganishwa moja kwa moja na bodi. Ulichonunua ndicho hicho. Mnunuzi wa mtumba awe macho zaidi: Mac za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2, na za M zote, zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mwenye mali wa kwanza. Mwizi haifungui, na wewe uliyeuziwa na mwizi huifungui pia. Muuzaji aifute na aiwashe upya mbele yako kabla hujatoa hela.

Windows halali ina gharama ya leseni, ambayo kwenye laptopu nyingi za kampuni ilishalipwa kiwandani na imekaa ndani ya bodi. Jaribu kwanza kupiga toleo lile lile lililokuja na mashine kabla ya kukimbilia kraki. Watu hawaamini nikiwaambia kuwa Windows yao inajitambua yenyewe mara tu ikipata intaneti.

Linux ni bure, na Mint inatembea hata kwenye RAM ya GB 4 bila malalamiko. Sisi wa Kigoma hatuna sababu ya kudharau chombo cha zamani. Liemba ilijengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na ikarudi kazini 1927. Baadaye injini za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli. Laptopu ya 2013 ikibadilishiwa diski kuwa SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na kuwekewa Mint inafanya safari zake vizuri tu.

Fundi wa karibu

Windows, kila mtaa una fundi. Ubora wao ni habari nyingine, na mlishaona nani alimzima Defender. Mac, kazi za programu tunazifanya, ila kioo au bodi ikifa jiandae kusafirisha Dar na kusubiri. Linux, mafundi tunaoijua ni wachache, ingawa vijana wa chuo wanaoijua wanasaidia kwa moyo, wakati mwingine kwa moyo mpaka wamekubadilishia kila kitu hukuomba.

Jambo moja linawahusu wote. Mifumo yote mitatu inaweza kufunga diski kwa msimbo, ili mwizi akiibeba laptopu asisome kitu. Windows 11 mara nyingi hulifanya hilo yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 unakaa kwenye akaunti hiyo. Mteja wangu mmoja alifunguliwa akaunti na mpwa wake, mpwa akabadilisha laini ya simu, na nywila hakuna aliyeikumbuka. Bodi ilipobadilishwa, mashine ikauliza zile tarakimu. Diski ilikuwa nzima, mafaili yalikuwemo, na hakuna fundi wa Kigoma wala wa kwingine ambaye angeyatoa. Ziandike kwenye daftari la nyumbani. Mac na Linux ni hivyo hivyo.

Nani achukue ipi

Una duka la steshenari, au ofisi yenye programu ya uhasibu, au watu wanakuletea flashi siku nzima: kaa kwenye Windows 11 halali, Defender iwe macho, kraki isiguse mlango. Ukipata kompyuta chakavu ya pembeni, iwekee Linux iwe ya kupokelea flashi kama ninavyofanya mimi.

Mwalimu au karani mwenye laptopu ya kizazi cha tano yenye Windows 10: kama kazi ni kuandika, kuprinti na kivinjari, jaribu Mint. Kama shule inatumia fomu za Excel zenye makro (amri za kujiendesha ndani ya faili), baki Windows 10 kwa hiyo nyongeza ya mwaka, anza kuweka akiba ya mashine mpya, na usiifanyie miamala ya benki.

Mpiga picha au mhariri anayeingiza hela kwa video: Mac ya M inajilipa, mradi ununue yenye hifadhi ya kutosha tangu siku ya kwanza na diski ya nje ya bakapu. Kama harusi zako ni mbili kwa mwezi, Windows yenye kadi ya michoro itakutosha na chenji itabaki.

Mwanafunzi wa kompyuta: Linux, hata kama ni pamoja na Windows kwenye mashine moja. Seva utakazokutana nazo kazini nyingi ni hizo. Mwanafunzi wa uhasibu asimwige.

Mzazi aliye kijijini Kasulu anayetaka tu kuongea na watoto kwa video na kusoma habari: mfumo ule ambao mtoto anayepigiwa simu anaujua. Mtoto ana Mac, mzazi akipewa Linux, hao wawili wataishia kukosana.

Na kama bado unayumba, Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Njoo na laptopu, nitaiwasha hapa mezani, utaandika, utafungua tovuti zako, na ukitoa flashi kila kitu kinabaki kilivyokuwa. Beba na printa, hata kama ni nzito. Printa ndiyo inayoamua kesi nyingi hapa.